Uzi wa Pamba kwenye Kebo ya Mwalimu

Masalu Kashindye alifika karakana ya Osward pale Igoma mwezi wa Machi 1996. Alikuwa na spana zake ndani ya kiroba, rola la uzi wa kufungia marobota ya pamba, na geji ya presha yenye kioo kilichopasuka. Mimi ndiye niliyemwandikisha, kwa sababu kazi yangu pale ilikuwa kutunza stoo na daftari la magari. Nilimuuliza alikotoka.

"Kinu cha pamba," alisema. "Miaka kumi na tisa. Upande wa presi."

Wakati ule watu wa namna yake walikuwa wengi. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia kwenye pamba, vinu vingine vikasimama, na wanaume waliozoea king'ora cha saa moja asubuhi wakajikuta barabarani wakitafuta cha kufanya. Masalu alikuwa mtu wa Ngudu, mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Darasa la saba. Geji ile aliiokota kwenye lundo la chuma chakavu siku presi yao ilipong'olewa. Ilikuwa nzima, kioo tu ndicho kilichopasuka.

Magari nayo yalikuwa yamebadilika. Zamani Mwanza ilikuwa na malori, magari ya serikali na pikapu chache za wafanyabiashara, yote ya kukanyaga klachi. Sasa yalikuwa yakiingia magari madogo ya Kijapani yaliyokwisha kutumika, na mengi yalikuwa otomatiki. Mafundi wa Igoma hawakuyapenda. Walikuwa na desturi moja: otomatiki ikiharibika, giaboksi inang'olewa, inafungwa ya klachi, na ile ya zamani inatupwa nyuma ya choo. Kila Ijumaa walikuja wasubu wa Buswelu na mkokoteni, wakachukua maganda yale ya alumini wakayeyushe watengeneze sufuria. Nyumbani kwangu tulikuwa na sufuria kama hizo tatu. Sikuwahi kufikiri zilikotoka.

Masalu alifikiri. Siku yake ya nne alikaa kwenye lile lundo wakati wa chakula, akafungua giaboksi moja iliyokufa. Ndani, chini ya sahani ya mafuta, alikuta kipande cha chuma chenye njia nyembamba za kupitishia oili, kama mifereji ya shamba la mpunga. Aliita kipande kile ubongo. Pembeni kulikuwa na vipistoni vitatu, kila kimoja na springi yake.

"Josephat," aliniita. "Njoo uone. Hii ni presi."

"Presi ya nini?"

"Ya pamba. Ndogo tu. Oili inasukuma, pistoni inabana pleti, pleti zikibanwa gia imeingia. Hivi vyenye springi vinazuia isibane kwa hasira." Alicheka peke yake. "Miaka yote wanasema haitengenezeki, kumbe hakuna aliyeifungua."

Osward alimsikia. Alikuwa Mhaya wa Muleba, fundi hodari wa injini, mwenye ulimi mtamu na maneno mengi. Alisema, "Wewe mzee wa pamba, hapa hatufungi marobota. Wateja wanataka gari, siyo darasa."

Mwaka mzima ukapita hivyo. Masalu alibadilisha breki, akafunga manyuali, yaani giaboksi za klachi, na wakati wa chakula aliendelea kufungua maiti za otomatiki nyuma ya choo. Mimi nilimchorea. Alinitajia springi ipi inakaa wapi, nikapima urefu kwa rula na kuandika. Tulijaza kurasa kumi na nne.

Jumanne tarehe 8 Julai 1997 gari la Mwalimu Kokugonza lilivutwa hadi kwetu kwa kamba.

Mwalimu alikuwa mwanamke, mkufunzi wa chuo cha ualimu, anaishi Butimba, umri wake miaka hamsini na kidogo. Polio ilimpata akiwa na miaka mitatu huko kwao Kamachumu. Mguu wa kushoto ulibaki mwembamba, nao ulishikiliwa na vyuma viwili vilivyofungwa kwa mikanda ya ngozi kuanzia pajani hadi kiatuni. Mguu wa kulia ulikuwa na nguvu za watu wawili. Gari lake, dogo, jeupe, otomatiki, lilikuwa gari la kwanza maishani mwake ambalo angeweza kuliendesha mwenyewe, kwa kuwa halikuwa na klachi ya kukanyagwa na mguu wa kushoto. Kwa gari hilo alizunguka mashule kuwakagua wanachuo wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Mazoezi ya mwaka ule yalikuwa yaanze Jumatatu tarehe 21.

Osward alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akainusa. Ilikuwa nyeusi, na harufu yake ni ya chungu kilichounguza maharage.

"Waitu, Mwalimu," alisema, akianza kwa Kihaya cha kwao wote wawili, "pole sana. Imekufa. Lakini usihofu, sisi ni watu wa nyumbani. Nitakufungia manyuali, safi kabisa, Jumamosi unaondoka nayo."

"Na klachi nitakanyaga na nini, Osward?"

Osward aliutazama mguu, kisha akatazama pembeni. "Utaajiri kijana akuendeshe. Mtu wa hadhi yako anafaa kukaa kiti cha nyuma."

Mafundi wawili walicheka kidogo, bila nia mbaya. Mwalimu hakucheka.

"Nilibebwa mgongoni kwenda shule miaka saba," alisema. "Kaka yangu alinibeba asubuhi, akanibeba jioni. Mvua ikinyesha alinibeba. Akiugua, sikusoma. Akiwa na ugomvi na mimi, ananitua njiani tunaongea kwanza. Nimeshabebwa vya kutosha. Sikai kiti cha nyuma."

"Lakini Mwalimu, otomatiki haitengenezeki. Muulize fundi yeyote hapa Igoma."

Alikuwa amekosea kusema vile, maana Mwalimu alikuwa mtu wa kuuliza. Aligeuka na fimbo yake akawauliza mmoja mmoja, kama darasani. Wa kwanza akasema haitengenezeki. Wa pili akasema haitengenezeki. Masalu alikuwa amelala chini ya pikapu, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Mwalimu akaigusa kwa fimbo.

"Na wewe?"

Masalu alitoka polepole. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Inatengenezeka au haitengenezeki?"

"Inatengenezeka."

"Umeshatengeneza ngapi?"

"Hakuna hata moja."

Hapo karakana nzima ikacheka sawasawa. Osward alipiga makofi. Mwalimu alimtazama Masalu muda mrefu.

"Umefungua ngapi?"

"Ishirini na mbili," Masalu alisema, akaninyooshea kidole. "Yule ameandika."

Mwalimu aliomba daftari. Nililileta. Alilisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, kwa namna walimu wanavyosoma, kidole kikitembea chini ya mstari. Kisha akanirudishia na kumwambia Osward, "Huyu ndiye atakayenitengenezea."

Osward alikubali kwa sharti moja. Ijumaa tarehe 18 wasubu wangekuja kama kawaida. Kama hadi siku hiyo gari halijatembea vizuri, ganda litapanda mkokoteni na Mwalimu atafungiwa manyuali. "Siwezi kuziba shimo langu la kazi kwa ajili ya ndoto za mtu wa pamba," alisema. Mwalimu akasema sawa.

Masalu aliishusha giaboksi siku hiyohiyo. Pleti za klachi ya gia ya pili na ya tatu zilikuwa zimeungua, nyeusi kama makaa. Alipata nzuri kutoka kwenye maiti mbili za lundo la choo, akazipanga kwenye gunia na kuzichagua moja moja kwa kidole gumba. Sili na gasketi mpya zililetwa na basi la Nairobi Jumapili. Lakini kilichomsumbua hakikuwa kuunganisha. Alitaka kujua kwa nini ziliungua.

Jibu lilikuwa kwenye kebo. Magari yale yana waya mwembamba unaotoka kwenye kabureta hadi kwenye ubongo wa giaboksi. Dereva akikanyaga mafuta zaidi, waya unavutwa, na presha ya oili inapanda ili pleti zibanwe kwa nguvu zaidi. Ukilegezwa, giaboksi inadhani dereva anakanyaga kidogo tu. Presha inabaki chini. Gia inaingia kwa upole, laini kama uji, na abiria hasikii kitu. Lakini ule upole ni pleti zinazoteleza kabla ya kushikana, na kila zikiteleza zinaungua kidogo.

Kebo ya Mwalimu ilikuwa imelegezwa kwa upana wa vidole viwili.

Masalu aliniuliza tu kama gari lile lilishawahi kuja kwetu. Nilijua jibu kabla sijafungua daftari. Tarehe 11 Februari, kwa mwandiko wangu: gari jeupe la Mwalimu wa Butimba, analalamika gia inashtuka kidogo, Osward amelegeza kebo, gia laini, mteja ameridhika.

Nilifunga daftari. Nilikuwa na watoto wanne, na Osward alikuwa mwajiri wangu. Nilimwambia Masalu, "Lilikuja." Akatikisa kichwa, akarudi kazini.

Sasa nieleze kosa la Masalu, maana alilifanya, na lilikuwa kosa lake mwenyewe.

Kwenye kinu cha pamba, adui alikuwa ulegevu. Robota likibanwa kidogo, linafumuka kwenye lori na pamba inamwagika barabarani. Presi ikichoka, dawa ilikuwa moja: weka washa, kile kipete cha chuma, chini ya springi, ongeza presha, kaza. Kwa miaka kumi na tisa Masalu hakuwahi kulaumiwa kwa kukaza kupita kiasi. Alipoona pleti za Mwalimu zimeungua kwa ulegevu, mikono yake ilijua la kufanya kabla kichwa hakijaulizwa. Aliivuta kebo ikawa sawa. Hapo angeweza kuacha. Lakini akaweka washa chini ya springi zote tatu. Halafu akaichukua bamba nyembamba ya chuma inayokaa katikati ya ubongo, yenye matundu ya kupitishia oili, akatafuta tundu linalopeleka oili kwenye gia ya pili. Lilikuwa la kupita spoku ya baiskeli, barabara. Akalichimba likapita msumari wa inchi nne.

"Oili iende haraka," alisema. "Ibane mara moja. Haitateleza tena milele."

Niliandika alichosema, na ukubwa wa tundu kabla na baada.

Jumanne tarehe 15 mchana, Mwalimu alikuja kulijaribu. Aliketi, akapanga mguu wenye vyuma pembeni, akatia gia, akaondoka. Ya kwanza iliingia vizuri. Tulimwona akipita magunia ya wauza mkaa, mwendo ukipanda. Kisha gari likaruka. Mlio ulisikika hadi kwetu, kama mtu aliyetupa nyundo kwenye pipa. Akafika mbele, akageuza, akarudi, nyundo ikaanguka tena palepale.

Aliposimama alikuwa ameshika goti la kushoto. Chuma cha mguu kilikuwa kimegonga chini ya dashibodi mara mbili, mahali pamoja, na soksi ilikuwa na damu.

"Inanipiga teke," alisema.

Mafundi walianguka kwa kicheko. "Punda!" alisema mmoja. "Mzee wa pamba amemfungia Mwalimu punda!" Mwingine akauliza kama gari lile sasa linakula majani. Masalu alisimama na kitambaa mkononi, akikikunja na kukikunjua.

Osward hakucheka. Alikuja na spana namba kumi, akafunua boneti. "Mwalimu, hili ni jambo dogo. Nalegeza kebo hapa juu, dakika mbili, inakuwa laini kabisa. Ungeniachia toka mwanzo."

Masalu alishusha boneti. Hakuipiga, aliishusha tu, mkono wa Osward ukatoka wenyewe.

"Hiyo hapana," alisema.

"Unafanya nini?"

"Ukilegeza kebo, baada ya miezi michache anarudi anavutwa na kamba. Kosa ni langu, liko ndani, nitalitoa hukohuko ndani."

"Unanifundisha kazi kwenye karakana yangu?"

"Hapana. Nakukatalia."

Sauti yake ilikuwa ileile ndogo. Osward alimgeukia Mwalimu kwa mikono miwili wazi. "Unasikia, dada yangu? Amekuumiza, na bado ana kiburi. Hii habari ya kebo kuunguza giaboksi kaitoa wapi? Nani amewahi kulegeza kebo ya gari lako?"

Masalu alinitazama, kisha akatazama chini, kama mtu anayesema usijisumbue. Nadhani ningenyamaza kama asingetazama chini.

Nilifungua daftari nikasoma tarehe 11 Februari. Nilisoma kama nilivyoandika, bila kuongeza neno. Nilipofika kwenye "mteja ameridhika" Mwalimu alifumba macho.

"Niliridhika kweli," alisema. "Nilikuombea na baraka, Osward."

Osward alinitazama mimi, siyo yeye. Halafu akasema kwamba shimo lake la kazi analihitaji, kwamba Ijumaa ni Ijumaa, na kwamba Masalu akusanye spana zake, akatafute kinu.

"Ijumaa ni yako," Mwalimu alisema. "Giaboksi ni yangu. Masalu, leta vitu vyako, panda."

"Mwalimu, gari litakupiga teke mpaka Butimba."

"Linipige. Nitaendesha mwenyewe."

Mwalimu alijifunga goti kwa kitambaa chake cha shingoni, akaondoka. Njia yote ile, Nyakato, Mabatini, mjini, Mkuyuni, kila gia ya pili ilipoingia gari liliruka, na Masalu aliniambia baadaye kwamba kila liliporuka Mwalimu alihesabu kwa sauti. Walifika Butimba kwenye thelathini na moja.

Nyumba yake ilikuwa chini ya kilima, na uani kulikuwa na jabali pana lililolala kwa mteremko, kama mengi ya mji huu. Masalu alipandisha magurudumu ya mbele juu ya jabali, akayazuia ya nyuma kwa mawe, na hapo chini ya gari akapata nafasi ya kutosha kulala chali. Ubongo wa giaboksi unashukia chini. Hapakuwa na haja ya kuing'oa tena. Mimi nilikwenda Jumatano, Alhamisi na Ijumaa baada ya kazi, kwa sababu michoro ilikuwa kwangu.

Washa zilikuwa rahisi. Alizitoa zote, akarudisha moja tu, nyembamba, chini ya springi ya gia ya pili. Shida ilikuwa tundu. Tundu likishachimbwa halirudi. Na bamba kama ile kwenye maiti za Igoma hazikuwa zimebaki. Osward alikuwa amewaita wasubu mapema, Jumatano ileile, wakasafisha lundo lote.

"Ametuwahi," Masalu alisema. Alikaa juu ya jabali na bamba mapajani. Mwalimu alimletea chai, akakaa kwenye kiti chake, mguu ameunyoosha. Hakusema pole.

"Tundu lilikuwa kubwa kiasi gani?"

"La spoku," nilisema. "Imeandikwa."

"Na sasa ni kubwa mno. Basi lizibe, utoboe upya."

"Nikiziba kwa bati, oili ya moto itaitoa. Nikichomelea kwa umeme, bamba itapinda. Ni nyembamba kama sarafu."

Mwalimu akavua hereni moja, ndogo ya fedha, akaiweka kwenye kiganja na kuionyesha pale kijiti kilipounganishwa na duara. "Hii ilikatika mwaka jana. Sonara ameiunga. Unaona pamepinda?"

Masalu aliigeuza, akaisogeza karibu na jicho. Hapakuwa pamepinda.

Alhamisi asubuhi walikuwa mjini kwa yule sonara, mzee mwenye miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Masalu alisimulia kwamba mzee aliuliza hili pambo linavaliwa wapi. Alipoambiwa ni la ndani ya gari, alicheka mpaka akaivua miwani yote. Lakini aliifanya kazi. Aliziba tundu kwa fedha ya kuungia, kwa moto mdogo wa kupuliza kwa mdomo, akalisawazisha kwa tupa, akatoboa upya kwa keekee ya vidole, ile ya kutobolea vidani. Masalu alimsimamia na spoku mkononi. Ilipopita kwa kugusa, akasema basi. Kisha akafikiri, akamwomba aongeze kidogo, unywele mmoja. Sonara akauliza, unywele wa nani? Akaongeza.

Nilimuuliza Masalu kwa nini asiliache kama lilivyotoka kiwandani.

"Kiwandani walimtengenezea mtu wa kwao, barabara ya lami," alisema. "Huyu anapanda milima ya vumbi na wanachuo wanne kwenye gari. Ikiwa laini kama ya kwao itateleza. Nataka aisikie imeingia. Aisikie tu, isimguse."

Ijumaa jioni ubongo ulirudi mahali pake. Masalu alifunga geji yake ya kinu kwenye tundu la kupimia, Mwalimu akakanyaga mafuta, na mshale ukapanda chini ya kioo kilichopasuka, ukatulia. Mwisho akarudi kwenye kebo. Aliiweka sawasawa, akakaza nati, akakata kipande cha uzi wa marobota na kukizungusha kwenye nati mara saba kwa fundo la kinu, lile ambalo halifunguki bila kukatwa.

"Wa nini?" aliuliza Mwalimu.

"Robota likishapimwa linafungwa. Likifika bandarini uzi umekatwa, wanajua kuna mtu ameingiza mkono."

Jumamosi asubuhi tulipanda naye kilima, Masalu mbele, mimi nyuma. Ya kwanza. Mwalimu akaongeza mafuta, mkono wake wa kushoto ukashika goti lililovimba, tayari kwa pigo. Gari likasukuma migongo yetu mara moja, kama mtu anayekushika bega akitaka kukupita, likaendelea kupanda.

"Imeingia?" aliuliza.

"Imeingia."

Aliuondoa mkono kwenye goti. Akafika juu, akageuza, akashuka, akapanda tena. Mara ya tatu alisimama makusudi katikati ya mlima, pale penye mteremko mkali, akaondoka kutoka hapo. Mara ya nne akatuambia tushuke, atakwenda peke yake. Tulibaki kando ya barabara. Masalu hakulitazama gari. Aliinamisha kichwa akasikiliza, na kila ilipobadilika aliitaja kwa sauti ya chini: ya pili, ya tatu.

Jumatatu tarehe 21 nilikuwa kazini Igoma. Osward hakunifukuza, hakuwa na mtu mwingine wa daftari. Saa mbili kasorobo gari jeupe likaja kwa barabara ya Musoma, likasimama mbele yetu. Nyuma walikaa wanachuo watatu na maboksi ya vitabu. Mwalimu hakuzima injini.

"Osward! Njoo unisalimie, tu watu wa nyumbani."

Osward alitoka akifuta mikono. Aliwasalimu wote kwa adabu, akalizunguka gari, akalisifu kwamba ni safi. "Linagonga bado?"

"Panda ulisikie."

"Nina kazi, Mwalimu." Akasikiliza injini kidogo. "Ila hapa niliposimama nasikia si laini. Ngoja nikuangalizie juu juu tu." Alifunua boneti. Kutoka dirisha la stoo niliona spana ikitoka mfukoni. Nadhani hata yeye hakuiagiza, ni mkono tu, kama ule wa Masalu na washa zake. Ikafika kwenye nati. Ikasimama. Aliinama akautazama ule uzi mweupe, mizunguko saba.

"Hiki nini?"

"Ukikikata nitajua," Mwalimu alisema kutoka kwenye kiti cha dereva.

Osward alikaa ameinama muda wa kutosha mtu kukata uzi. Kisha akarudisha spana mfukoni na kushusha boneti kwa viganja viwili, polepole.

"Safari njema, Mwalimu."

Aliondoka. Nilisikiliza kama Masalu alivyonifundisha. Ya pili iliingia mbele ya magunia ya mkaa, mahali palepale, na wanachuo walioketi nyuma waliendelea kuzungumza bila kugeuza vichwa.

Masalu yuko Butimba hadi sasa, kwenye jabali. Kwanza Mwalimu alimwambia akae mwezi mmoja, asipate tabu ya kutafuta mahali. Sasa asubuhi nyingine magari matatu husubiri, pua zimeelekea juu. Osward bado anafunga manyuali, na anasema kwa kila mteja kwamba otomatiki haitengenezeki, isipokuwa siku hizi anamalizia kwa kusema, labda uende kwa yule mkaidi. Kila Desemba Mwalimu huleta gari likaguliwe. Masalu hufunua boneti kabla hajamsalimu, akatazama nati. Uzi umekuwa mweusi kwa oili. Fundo ni lilelile.